Mdundo na Mistari Humsaidia Mgonjwa Kutembea

Mtu mwenye afya hutembea bila kuifikiria kila hatua. Sehemu za ndani za ubongo ndizo zipimazo urefu wa hatua na wakati wa kuinua mguu. Katika ugonjwa wa Parkinson, ulioelezwa na daktari Mwingereza James Parkinson mwaka 1817, chembe za ubongo zitengenezazo kemikali iitwayo dopamini hufa kidogo kidogo. Hapo viungo hukakamaa, mikono hutetemeka, hatua hufupika, na pengine miguu hugoma kabisa kana kwamba imegandamana na ardhi.

Ugonjwa huu upo kwetu pia. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliotangazwa mwaka 2008, uliwapata wagonjwa 33 kati ya watu wapatao 161,000. Wengi wao hawakuwa wamepata kutambuliwa na daktari, kwani dalili zake hudhaniwa kwa urahisi kuwa ni uzee tu.

La ajabu ni kwamba mgonjwa aliyeshindwa kuvuka sakafu tupu aweza kuivuka akichorewa mistari ya kukanyaga. Wataalamu hueleza kuwa ishara ipitiayo machoni au masikioni huamsha njia nyingine za ubongo, nayo hushika nafasi ya ishara ya ndani iliyofifia. Mwaka 1996, Michael Thaut na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa waliojizoeza kutembea kwa mdundo kwa majuma matatu waliongeza mwendo na urefu wa hatua zao.

Njia hii haihitaji mitambo. Hata Sekenke, wilayani Iramba, kijiji kilichojulikana tangu zamani kwa dhahabu, yafaa uani, mahali tambarare. Mistari ya majivu ichorwe kukatiza njia, ikiachana kwa urefu wa hatua nzuri ya mgonjwa. Kisha zihesabiwe hatua zake kwa dakika moja. Zikiwa 80, mwanafunzi apige debe mara 80 kwa dakika, mgonjwa akikanyaga kwa kila pigo. Akizoea, mdundo uongezwe kwa asilimia 5, yaani mapigo 84. Mtu mwenye nguvu awe kando yake daima, maana hatari ya kuanguka ni kubwa.

Mazoezi haya hayaponyi ugonjwa, wala hayashiki nafasi ya dawa. Mgonjwa na apimwe kwanza hospitali. Tena faida yake hufifia mazoezi yakiachwa. Kwa hiyo yafanywe mara kwa mara, nyumbani, na jamaa zake.