Herufi Zenye Miguu

Tazameni, watoto, neno hili moja: Idjwi. Ni jina la kisiwa chetu kikubwa katika ziwa Kivu. Herufi yake ya kwanza ni I kubwa. Katika vitabu vingi I hiyo ina mstari mfupi juu na mstari mfupi chini. Yasimama imara kama mtu aliyevaa viatu. Wachapaji huiita mistari hiyo serifu. Sisi tutaiita miguu.

Sasa iondoeni miguu hiyo. I kubwa yabaki fimbo tu. Herufi l ndogo nayo ni fimbo, na mara nyingine hata tarakimu 1. Sisi wa Bukavu hatukosei, kwa kuwa majina ya Idjwi na Ibanda twayajua tangu utoto. Lakini mgeni je? Na karani anayenakili jina la mtoto asiyemjua katika cheti cha ubatizo? Akiweka herufi moja mahali pa nyingine, mtoto huyo atasumbuka siku atakapotakiwa kuonyesha cheti chake. Basi miguu hii midogo ina kazi.

Ilitoka wapi? Huko Roma kuna nguzo ndefu ya mawe iliyosimamishwa mwaka 113 kwa heshima ya Kaisari Trajan. Chini yake pana maandishi ya herufi kubwa, nyingi zina miguu. Padri Edward Catich wa Marekani, fundi wa kuandika, aliyachunguza sana. Katika kitabu chake cha mwaka 1968 alieleza kwamba fundi wa Kirumi alizipaka herufi kwanza kwa brashi pana, kisha akazichonga kwa patasi. Mahali brashi ilipoanza mstari na mahali ilipomaliza, ndipo ulipotokea mguu.

Herufi ndogo tunazosoma leo zilipata umbo lake baadaye, kama mwaka 800, wakati wa mfalme Charlemagne. Siku hizo wamonaki walinakili vitabu kwa mkono. Kalamu yao ilikuwa unyoya wa bata bukini, uliokatwa ncha pana. Kalamu ya namna hiyo ikishuka huacha mstari mnene. Ikienda pembeni huacha mstari mwembamba.

Halafu ikaja mitambo ya kuchapa. Huko Mainz, Ujerumani, Johannes Gutenberg alichapa Biblia yake karibu na mwaka 1455. Mwaka 1470 Nicolas Jenson, Mfaransa aliyekaa Venice, alichapa kitabu kwa herufi nzuri zilizofuata mwandiko wa mkono wa Waitalia. Kila herufi ilichongwa kwanza juu ya ncha ya chuma cha pua, ikagongwa ndani ya shaba, kisha risasi iliyoyeyushwa ikamiminwa humo. Kazi ilikuwa ya chuma na moto, lakini umbo lilikuwa la kalamu.

Miaka mingi baadaye, Mjerumani Hermann Zapf alifuata njia hiyo hiyo. Alijifunza mwenyewe kuandika kwa kalamu ya ncha pana, akisoma vitabu vya mafundi. Karibu na mwaka 1950 herufi zake zilitolewa kwa jina la Palatino, yaani jina la mwalimu wa mwandiko wa Italia aliyeishi miaka 400 kabla yake. Siku hizi hakuna haja ya risasi. Palatino imo katika kompyuta nyingi. Ukiitazama o yake, utaona unene wake umeinama kidogo, kama kwamba kalamu imetoka kuinuliwa sasa hivi.

Herufi za namna hii hufaa vitabu virefu, vyeti, na kadi za arusi. Lakini msiseme kwamba herufi zisizo na miguu ni mbaya. Katika kibao cha njiani, dereva hana nafasi ya kusoma polepole. Herufi nene na nyepesi kusoma humfaa zaidi. Kila kazi ina herufi yake.

Fanyeni jaribio. Tafuteni tete kavu, mkubwa awakatie ncha iwe bapa, upana wa milimita 3 au 4. Lichoveni katika wino. Shikeni tete likiinama upande, wala msiligeuze mkononi. Andikeni o moja. Mtaona sehemu mbili nene na sehemu mbili nyembamba, wala hamkuzikaza kwa nguvu. Ncha yenyewe imezifanya. Kisha andikeni o kwa kalamu ya biki. Unene ni mmoja mahali pote.

Sasa mwajua: herufi ya kitabu ni mkono wa mtu uliotulia. Nanyi mnapoandika, fanyeni I iwe I, na l iwe l. Anayeandika wazi amheshimu atakayesoma.

Maswali
1. Kwa nini mgeni aweza kulisoma vibaya jina la Idjwi?
2. Padri Catich alieleza nini juu ya maandishi ya Roma?
3. Wamonaki waliandika kwa kalamu gani?
4. Kwa nini o ya kalamu ya biki haina sehemu nene na nyembamba?
5. Andika jina lako na la kijiji chako kwa tete. Mpe mwenzako alisome.