Kaya Kinondo: hata kijiti hakitoki

Ukiingia Kaya Kinondo, Kwale, utafungwa kaniki kiunoni na kupewa sharti moja gumu: usitoke na kitu, hata kijiti kikavu. Kukumbatia mti ruksa, na hapo ndipo baiolojia inapoanza.

Seli za mti zina ukuta mgumu wa selulosi. Zako zina utando laini tu, ndiyo maana wewe bila mifupa husimami. Kwenye majani, seli zina kloroplasti, jiko la kijani linalopika chakula kwa mwanga wa jua. Wewe huna, itabidi ununue chapati.

Lakini msitu huu, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, umeota juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Udongo ni haba. Nani anaulisha?

Bakteria, wakisaidiwa na kuvu. Bakteria ni seli moja tu, haina hata kiini. DNA yake inaelea ndani bila chumba. Ila ndiye anayeozesha majani na kuurudishia mti naitrojeni na fosforasi. Kile kijiti ulichotaka kubeba kama kumbukumbu ni mlo wake. Mzee akikwambia ukirudishe, usimbishie.