Mpangaji Hageuki Mwenye Nyumba kwa Kukaa Sana

"Wakili, mpangaji wangu anaingia mwaka wa 11. Nimtoe kabla hajatimiza 12, nyumba isije ikawa yake?"

Nimeulizwa na wenye nyumba wa Kisauni, wenye maduka wa Nakuru, na hata walio Uarabuni wanaosimamia ujenzi kwa simu. Jibu ni hapana. Na kesho mkiuliza tena, litakuwa hapana.

Ni kweli kwamba chini ya Sura ya 22 ya Sheria za Kenya, asiyeidai ardhi yake kwa miaka 12 hupoteza haki ya kuidai. Watu wameidaka nambari wakayaacha masharti. Anayefaidika ni aliyeikalia ardhi waziwazi, bila kutumia nguvu na, zaidi ya yote, bila ruhusa ya mwenyewe. Mpangaji ana ruhusa. Kila anapokulipa kodi anakiri kwamba nyumba ni yako. Akae miaka 12, akae 40, azalie humo na aozeshe humo, bado ni mpangaji. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa mjini Malindi ilikataa hoja kwamba sheria hii inakiuka Katiba. Kwa hiyo ipo, ila mlengwa wake si mtu anayekulipa kodi.

Hofu hii imezaa tiba mbaya kuliko maradhi. Wako wanaomtoa mpangaji wiki moja kila baada ya miaka 11, kisha wanamrudisha. Huo ni usumbufu mtupu. Inayoniudhi ni ile ya kumnyima mkataba na risiti, eti asipate ushahidi. Ushahidi wa nini? Risiti ndiyo inayoonyesha kwamba yumo kwa idhini yako! Pasipo mkataba wa maandishi, miaka 12 huweza kuhesabiwa tangu siku kodi ya mwisho ilipopokelewa. Mwenye haki ya kukosa usingizi, basi, ni aliyepangisha kwa mdomo, akaacha kudai kodi, akaenda ng'ambo akarudi baada ya miaka 15. Huyo haji kuniuliza.

Kwa wenye maduka, kukwepa karatasi ni kujitia kitanzi. Sura ya 301, inayohusu maduka, hoteli na mikahawa, humlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, na hata mwenye mkataba usiozidi miaka 5. Mwenye duka anatia kufuli usiku akijisifu kwamba mali ni yake. Mpangaji anakwenda kwa jopo la kodi za majengo ya biashara, BPRT, na anaweza kupata amri ya kufunguliwa pamoja na fidia. Mali ni yako, sawa. Utaratibu wa kumtoa mtu si wako.

Basi fanya hivi. Andika mkataba kabla ya kukabidhi funguo, na ulipie ushuru wa stempu, maana usiolipiwa haupokelewi kortini kama ushahidi. Kama hutaki kubanwa na Sura ya 301, mkataba wa duka uzidi miaka 5 na usiwe na kifungu cha kuuvunja mapema, isipokuwa kwa ukiukaji wa masharti. Mpangaji anayelindwa humpi notisi kwa WhatsApp: kuna fomu maalumu, muda usiopungua miezi 2, na lazima utaje sababu inayokubalika kisheria, kama malimbikizo ya kodi ya miezi 2. Ukitaka kukamata mali yake kwa ajili ya kodi, pata kwanza kibali cha jopo, kisha tumia dalali mwenye leseni. Nyumba ya kuishi yenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi ina sheria yake, Sura ya 296. Isome kabla ya kupandisha kodi. Na kila mwezi toa risiti, ubaki na nakala.