Dawa lishe za limfu: Soma lebo kabla ya kulipa

MATANGAZO ya dawa lishe za 'kusafisha mfumo wa limfu' ni mengi, na wateja wakubwa ni watu waliovimba miguu. Kabla ya kutoa fedha, zingatia mambo matatu.

Kwanza, pima hospitali. Uvimbe unaweza kutokana na moyo, figo au matende. Dawa za kukinga matende, ugonjwa unaoenezwa na mbu, serikali huzigawa bure.

Pili, 'asilia' si lazima iwe salama. Kumarini, inayopatikana katika mimea, ilitumika Australia kupunguza uvimbe wa limfu hadi ilipoondolewa sokoni mwaka 1996, baada ya kudhuru maini ya baadhi ya wagonjwa.

Tatu, kagua lebo: mtengenezaji, viambato na kiasi chake, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Bidhaa inayodai kutibu ni dawa. Muulize muuzaji namba ya usajili wa TMDA. Akibabaika, ondoka na fedha zako.

Kwa mwenye matende, wataalamu husisitiza kuosha mguu kila siku, kuukausha na kuuinua anapopumzika. Gharama yake ni kipande cha sabuni.