Vishazi vya "That" Baada ya Vitenzi Vishirikishi na Vielezi vya Kiingereza: Ulinganisho na Kiswahili kwa Kumrejelea Mwanafunzi wa Bunju, Dar es Salaam

Mwanafunzi anayehitimu Darasa la Saba katika shule ya msingi ya serikali huko Bunju, kando ya barabara ya Bagamoyo wilayani Kinondoni, huwa amesoma karibu masomo yake yote kwa Kiswahili kwa miaka saba. Anapoingia Kidato cha Kwanza, lugha ya kufundishia hugeuka kuwa Kiingereza, huku Kiswahili kikiendelea kutawala nyumbani, sokoni na ndani ya daladala. Akitakiwa kueleza kwa maandishi kwamba jambo fulani ni wazi, ni kweli au linaelekea kuwa hivyo, huanza na muundo anaoujua. Makala haya yanafafanua eneo moja ambamo athari hiyo hujitokeza, nalo ni kishazi tegemezi kinachoanzishwa na "that" kinapofuata kitenzi kishirikishi au kielezi. Mifano yote imetungwa kwa ajili ya ufafanuzi, wala haikunukuliwa kutoka katika madaftari ya wanafunzi.

Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik (1985) wanaonesha kuwa kishazi cha "that" huweza kuwa kiima, yambwa, kijalizo cha kiima au kijalizo cha kivumishi. Dhima mbili za mwisho ndizo zinazohusika hapa. Kiswahili nacho kina viunganishi vinavyofanya kazi hiyo: "kwamba", lenye asili katika kitenzi cha kale "-amba", yaani kusema, "kuwa", ambalo pia ni kitenzi, na maumbo marefu "ya kwamba" na "ya kuwa". Pale ambapo kishazi ni kijalizo cha nomino iliyo kiima, lugha hizi mbili hukubaliana karibu neno kwa neno. "Tatizo ni kwamba maji hayatoki" huwa "The problem is that there is no water", na mwanafunzi hapati shida. Dhana ya Lado (1957) kwamba yanayofanana hujifunzwa kwa wepesi inatimia hapa bila mjadala.

Ugumu huanza pale kivumishi kinapokaa kati ya kitenzi kishirikishi na kishazi. Kiingereza hudai kivumishi: "It is clear that the road is closed." Sentensi inayoandikwa badala yake ni "It is clearly that the road is closed." Maelezo yanayotolewa mara nyingi darasani ni kwamba mwanafunzi amechanganya kivumishi na kielezi kwa kutokujua kiambishi "-ly". Maelezo hayo ni sahihi lakini ni mafupi mno, kwa sababu hayasemi kwa nini kosa litokee mahali hapo hasa.

Sababu imo katika Kiswahili chenyewe. Neno "wazi" halibadiliki umbo. Ni kivumishi katika "mlango wazi", ni kielezi katika "alisema wazi", na katika "ni wazi kwamba barabara imefungwa" msemaji halazimiki kuamua ni lipi kati ya hayo mawili. Hali ni hiyohiyo kwa "dhahiri" na "kweli". Mtu angeweza kudhani kuwa suala hili linahusu maneno ya mkopo tu, yasiyochukua viambishi vya upatanisho, lakini mashina ya Kibantu yanaonesha jambo lilelile kwa uwazi zaidi. Katika "aliimba vizuri", kiambishi "vi-" huunda kielezi. Katika "ni vizuri kwamba umefika", umbo lilelile lenye "vi-" hutokea baada ya "ni" na kabla ya kishazi. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, basi, umbo la kielezi baada ya kitenzi kishirikishi ni jambo la kawaida kabisa. Anayeandika "It is well that you have come" amefuata mantiki ya lugha yake bila kukosea hatua. Na kwa bahati sentensi hiyo ni sahihi katika Kiingereza cha zamani kidogo, jambo linalopaswa kumpunguzia msahihishaji haraka ya kalamu nyekundu.

Kanuni inayotolewa kama tiba, kwamba kielezi hakifuatwi na "that", nayo haisimami. Sentensi "The chairman said clearly that the road was closed" haina kasoro. Kielezi kimetangulia "that" moja kwa moja, lakini kishazi hakitegemei kielezi; kinategemea kitenzi "said". Katika "It is clear that", kishazi kinategemea kivumishi. Katika "It is clearly that", hakuna neno linaloweza kukibeba kishazi, kwa kuwa kielezi hakina uwezo huo na kitenzi kishirikishi kimebaki bila kivumishi chake. Swali la kumfundisha mwanafunzi kuuliza, kwa hiyo, ni hili: kishazi hiki kinabebwa na neno gani? Umbo la neno linalotangulia "that" halitoshi kutoa jibu.

Kiswahili kinaweza kusaidia katika hili, ingawa ni nadra kuitwa kutoa ushahidi katika kipindi cha Kiingereza. Linganisha:

(1) Bila shaka barabara itajengwa.
(2) Hakuna shaka kwamba barabara itajengwa.

Mwanafunzi wa Bunju hasemi "bila shaka kwamba barabara itajengwa", wala hasemi "labda kwamba mvua itanyesha". "Bila shaka", "labda", "pengine" na "huenda" huegemezwa kwenye kishazi huru, ilhali "hakuna shaka" na "inawezekana" huchukua "kwamba". Mgawanyo huo ndio uliopo kati ya "Undoubtedly, the road will be built" na "There is no doubt that the road will be built". Anayeandika "Probably that it will rain" anaweza kuelekezwa kwenye "labda", akajisahihisha mwenyewe.

Vitenzi vishirikishi vya hisi na mwonekano vina tatizo la aina nyingine. Kiswahili huruhusu "Inaonekana kwamba wanafunzi wameelewa" na pia "Wanafunzi wanaonekana kwamba wameelewa", ambapo kiima cha kishazi tegemezi hupanda na kuwa kiima cha "-onekana" huku kishazi kikibaki kamili. Kiingereza huruhusu "It seems that the students have understood" au "The students seem to have understood", lakini hukataa "The students seem that they have understood". Aidha, "seem" na "appear" hukubali "that", ilhali "look" na "sound" huhitaji "as if" au "like". "It sounds that" haipo katika Kiingereza sanifu, japokuwa "inasikika kwamba" ni Kiswahili safi. Orodha ya vitenzi hivyo ni fupi, na hujifunzwa kwa kukaririwa tu.

Kosa linalowahusu zaidi watahini halionekani kama kosa. "Inaonekana" hutokana na "ona", na lina maana mbili: jambo limeshuhudiwa kwa macho au kwa takwimu, au jambo linadhaniwa kuwa hivyo. Kiingereza hutenganisha maana hizo kuwa "it is seen that" na "it seems that". Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi, na hakuna msahihishaji atakayezipigia mstari. Tasnifu ya Kiswahili inapoambatanishwa na ikisiri ya Kiingereza, hata hivyo, mtafsiri hulazimika kuchagua. Akiandika "it is seen that" mahali ambapo mtafiti alikisia, ikisiri inadai ushahidi ambao sura ya matokeo haina. Akiandika "it seems that" mahali ambapo data ni thabiti, anaudhoofisha utafiti mzima kwa neno moja. Mtahini anayesoma ikisiri ya Kiingereza peke yake hana njia ya kuligundua hilo.

Corder (1967) aliyatazama makosa ya mjifunzaji kama ushahidi wa mfumo anaoujenga. Hapa, hata hivyo, mjifunzaji ameshahitimu, sarufi yake haina dosari, na utata umo katika Kiswahili kabla tafsiri haijaanza. Mtafiti anayeandika "inaonekana kwamba" anaweza kuuondoa akiwa bado katika lugha yake, kwa kuchagua "data zinaonesha kwamba" panapo ushahidi, na "yaelekea kwamba" panapo kisio.