Mtoto hakupewa dawa ya malaria: umenyimwa huduma au umehudumiwa?

Chukulia unaishi Kaoze, bonde la Ziwa Rukwa. Usiku kucha mwili wa mtoto umechemka. Alfajiri unambeba mgongoni hadi kituo cha afya, unapanga foleni. Mhudumu anamtoboa kidole, anasubiri kipimo, kisha anasema: "Mama, mtoto hana malaria." Unaondoka na vidonge vya kushusha homa tu.

Moyoni unaona hukutibiwa. Njiani unapita duka la dawa na kununua dawa mseto.

Usijilaumu kwa kuwaza hivyo. Kwa miaka mingi hata wataalamu walimtibu malaria karibu kila mtoto mwenye homa. Ni mwaka 2010 ndipo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliposhauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Kipimo cha haraka hutoa majibu ndani ya dakika 15 hadi 20, hata pasipo na hadubini.

Hatari iko hapa: homa inaweza kutokana na nimonia, maambukizi ya masikio au ya njia ya mkojo. Dawa mseto haitibu hata moja kati ya hayo. Ukisubiri ifanye kazi, siku zinapita, na kwa mtu wa bondeni safari ya kupanda milima hadi hospitali ya rufaa mjini Sumbawanga si ya kuanza usiku wa manane mtoto akiwa amezidiwa.

Kwa hiyo kutopewa dawa usiyoihitaji ni huduma. Vivyo hivyo sindano: haina nguvu kuliko kidonge kwa sababu tu inauma.

Lakini mhudumu naye ana deni kwako. Kusema "hana malaria" na kuita mgonjwa anayefuata hakutoshi. Una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa. Kabla hujanyanyuka kitini, uliza maswali haya:

1. Kama si malaria, mnadhani ni nini, na mmemkagua kifua na masikio?

2. Dawa hii ni ya nini, nimpe kiasi gani na kwa siku ngapi?

3. Nikiona dalili gani nirudi haraka?

Jibu la swali la tatu lijue hata usipoulizwa. Mrudishe mtoto mara moja akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea sana au kuwa mgumu kuamka. Hesabu pia pumzi zake akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka mmoja hadi miaka mitano akifikisha 40, anapumua haraka kupita kawaida. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, usingoje kukuche.

Homa ikiendelea kwa siku mbili au tatu, rudi hata kama dalili hizo hazipo. Kurudi si usumbufu, ni sehemu ya matibabu.

Kama hukuridhika, anza kwa mganga mfawidhi wa kituo. Isipotosha, ipo kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ina wawakilishi wa wananchi, na juu yake Mganga Mkuu wa Wilaya. Eleza siku, saa na kilichotokea. Lalamiko la namna hiyo hufanyiwa kazi kwa urahisi kuliko "wale wana dharau". Kumbuka pia kuwa sera ya afya inawasamehe watoto walio chini ya miaka mitano na wajawazito gharama za matibabu katika vituo vya serikali. Ukidaiwa fedha, uliza ni za nini na omba risiti.

Safari ijayo, usipime huduma kwa wingi wa dawa ulizobeba. Jiulize: je, naondoka nikijua mtoto wangu ana nini, na nifanye nini usiku homa ikipanda tena?