Panya wa Kipupwe

Mahindi yakishavunwa Kilosa, panya shamba hufuata chakula kilikohamia: ndani ya nyumba zetu. Jike mmoja aweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa uzazi mmoja. Hatuna budi kusema wazi kwamba sumu inayomwagwa ovyo humuua kwanza paka, mlinzi wetu asiyedai mshahara, na yaweza kumfikia mtoto. Kihenge kiinuliwe mita moja kutoka ardhini, na kila mguu uvishwe bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa. Matundu yazibwe kwa saruji, au vipande vya bati kwa asiye nayo. Ndugu zetu wa Mikumi, majirani wa Hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, wanaye pia nyani. Kwao komeo ni lazima. Kitongoji kizima kizibe matundu pamoja, la sivyo panya watahamia kwa jirani na kurudi usiku.